Elspeth Huxley: Kalamu ya Njoro iliyowapigia debe walowezi wa Bonde la Ufa

JINA la Delamere halihitaji kutambulishwa kwa mkazi wa Naivasha, Gilgil, Elmenteita au Njoro. Limo katika ramani za mashamba, limo katika kumbukumbu za mahakama, na msafiri hulisoma hata kwenye duka la maziwa kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru.

Ni wachache, hata hivyo, wanaomkumbuka mwanamke aliyelifikisha jina hilo katika maktaba za London na New York, akamfanya mfugaji aliyezama katika madeni aonekane shujaa aliyejenga nchi.

Mwanamke huyo ni Elspeth Huxley (1907-1997), binti wa walowezi aliyekulia Thika na Njoro. Kabla ya kutambulika kama mwandishi wa vitabu, alikuwa afisa wa habari katika bodi ya serikali ya Uingereza. Huko alifundishwa kuzinadi bidhaa za himaya. Kilichomletea umaarufu baadaye ni kunadi sifa za mtu mmoja, Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, na kupitia kwake sifa za walowezi wote.

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Maisha ya Bi Huxley yanaonyesha ngoma hiyo ilivyowambwa, nani aliivutia upande upi, na nani hakupewa nafasi hata ya kuigusa. Yanagusa pia suala ambalo halijapoa katika Bonde la Ufa hadi leo: ni nani mwenye haki ya kusimulia jinsi ardhi hii ilivyopatikana?

Malezi ya Thika na Njoro

Elspeth Josceline Grant alizaliwa London mnamo Julai 23, 1907. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walifika Kenya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakachukua ardhi Thika kwa matumaini ya kutajirika kwa kahawa. Utajiri huo haukuja. Katika miaka ya 1920 familia ilihamia Njoro, kusini magharibi mwa mji wa Nakuru, ambako Bi Grant alianzisha shamba lililoitwa Gikammeh na kujaribu mazao ya kila aina.

Njoro ya wakati huo ilikuwa kitovu cha siasa za walowezi. Ndiko Delamere alikoanzia kilimo chake, na ndiko walikoishi wengi wa wale waliodai kwamba Kenya itawaliwe na Wazungu waliohamia huko badala ya maafisa wa London. Binti Grant alikua akisikiliza mazungumzo hayo mezani.

Alianza kuandika mapema. Akiwa bado msichana, alipeleka ripoti za mashindano ya polo na za uwindaji kwa gazeti la East African Standard akitumia jina la kubuni, Bamboo. Baadaye alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Shule ya upiga debe

Mnamo 1929 aliajiriwa London kama afisa msaidizi wa habari katika Empire Marketing Board. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1926 ili kuwashawishi Waingereza wanunue bidhaa zilizotoka katika himaya yao. Ilitumia mabango, maonyesho, filamu na makala za magazeti. Katibu wake, Stephen Tallents, anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya uhusiano mwema nchini Uingereza, na mwaka 1948 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wanataaluma hao.

Katika ofisi hiyo Bi Huxley alijifunza siri ambayo kila mpiga debe huijua: mnunuzi havutiwi na takwimu peke yake. Huvutiwa na hadithi, sura ya mtu na harufu ya mahali. Chai haiuzwi kwa kutaja uzito wake. Huuzwa kwa kuchora kilima cha kijani na mikono inayochuma.

Mumewe naye alikuwa wa kazi hiyo hiyo. Mnamo 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi Aldous Huxley, ambaye pia alikuwa mfanyakazi wa bodi hiyo. Tangu 1935 Gervas aliongoza shirika la kimataifa la kutangaza unywaji wa chai, zao ambalo lilikuwa likienea kwa kasi Kericho na Limuru. Nyumba yao basi ilikuwa nyumba ya matangazo: mume akitangaza chai, mke akitangaza nchi. Empire Marketing Board yenyewe ilivunjwa mwaka 1933, lakini mafunzo yake yalikuwa yameshakita mizizi.

Delamere apata msimulizi

Lord Delamere alifariki mnamo Novemba 13, 1931. Alikuwa amefika Kenya mara ya kwanza mwishoni mwa 1897, akisafiri kutoka Somalia. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99, ambazo aliziita Equator Ranch. Baadaye alipata ardhi nyingine kubwa, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga Limited.

Alikuwa mtu wa vituko. Nywele zake alizifuga zikafika mabegani, aliongea Kimaasai, na visa vyake katika Hoteli ya Norfolk jijini Nairobi vilisimuliwa kwa miaka mingi. Alikuwa pia kiongozi wa walowezi katika Baraza la Kutunga Sheria. Alipofariki aliacha madeni makubwa katika benki.

Mjane wake, Lady Delamere, alimtaka Bi Huxley aandike maisha ya marehemu. Mwaka 1933 mwandishi huyo alirudi Kenya kukusanya nyaraka na masimulizi. Kitabu kilitolewa na kampuni ya Macmillan mwaka 1935 katika juzuu mbili, kikiwa na jina White Man's Country, yaani Nchi ya Mzungu. Jina hilo pekee lilikuwa tangazo tosha.

Wakati wa kukitoa nao ulikuwa mwafaka. Walowezi walikuwa wameshambuliwa vikali na Waingereza wenzao. Norman Leys, daktari aliyewahi kufanya kazi Kenya na kuhamishwa baada ya kuwatetea Wamaasai, alichapisha kitabu kiitwacho Kenya mwaka 1924. William McGregor Ross, aliyekuwa mkurugenzi wa idara ya ujenzi wa umma, alifuata na Kenya from Within mwaka 1927. Wote wawili walieleza jinsi Waafrika walivyopokonywa ardhi na kulazimishwa kufanya kazi. Walowezi walihitaji jibu, na Bi Huxley aliwapa jibu lililosomeka kama riwaya.

Katika masimulizi yake, Delamere ni mtu anayepoteza kila kitu na kuanza upya. Kondoo wake wanakufa, ng'ombe wanashikwa na magonjwa, ngano yake inaliwa na kutu, naye hakati tamaa. Anaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu na kufungua njia iliyowezesha ngano kustawi Njoro.

Sehemu hiyo haiwezi kukanushwa. Kituo cha utafiti wa mimea kilifunguliwa Njoro mwaka 1927, na leo, chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo nchini (KALRO), wanasayansi wa mataifa mengi hupeleka huko mbegu za ngano zipimwe kama zinastahimili kutu ya shina aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Yaliyosukumwa pembeni

Tatizo la kitabu halikuwa uongo. Lilikuwa ni kile kilichowekwa katikati na kile kilichosukumwa pembeni. Yapo mambo matatu ambayo msomaji wa Nakuru anapaswa kuyajua.

La kwanza ni Wamaasai. Ardhi iliyotazamwa na walowezi kama tupu ilikuwa malisho ya jamii iliyoijua vyema. Mwaka 1904 mkataba ulitiwa saini uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia na kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wakaondolewa Laikipia pia. Walipofika mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mataifa mawili, hivyo mahakama ya kikoloni haikuwa na uwezo wa kuiamua.

Sayansi ilikuja kuthibitisha ujuzi wa wafugaji hao. Wamaasai walikuwa wakiyaepuka baadhi ya malisho ya Njoro. Delamere alikuja kugundua kwa hasara kwamba mifugo haikunawiri hapo. Baadaye ilibainika kwamba udongo wa maeneo hayo umepungukiwa na madini ya kobalti, na maradhi yanayotokana na upungufu huo yakapewa jina la mji wetu, nakuruitis. Katika masimulizi ya walowezi, hasara hiyo ni ushahidi wa ujasiri wa bwana. Kwa mwenye kulitazama jambo kutoka upande wa pili, ni ushahidi kwamba wenyeji hawakuulizwa.

La pili ni maskwota. Mashamba ya Njoro, Molo, Elburgon, Subukia na Naivasha yalilimwa na familia za Kiafrika, nyingi zikiwa za Wakikuyu, zilizoruhusiwa kuishi na kulima vipande vya ardhi kwa malipo ya jasho lao. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Aidha, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande. Bila watu hao Delamere angelima ekari ngapi? Wao hawakuwa na mjane wa kuwatafutia mwandishi.

La tatu ni siasa. Mnamo 1922 na 1923, serikali ya London ilipotafakari kuwapa Wahindi haki za kura zinazokaribia za Wazungu, walowezi walipanga njama ya kumteka gavana. Mzozo huo ulimalizwa na waraka wa Devonshire wa Julai 1923, uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika yangetangulizwa. Hata hivyo, ardhi ya Nyanda za Juu iliendelea kutengewa Wazungu. Sensa ya 1931 ilihesabu Wazungu wasiofika 17,000 katika koloni zima, na hao ndio kitabu kilichotoka miaka minne baadaye kiliwaita wenye nchi.

Mzozo na mchapishaji

Itakuwa dhuluma kusema kwamba Bi Huxley aliona upande mmoja tu maisha yake yote. Baada ya kitabu cha Delamere aliamua kuandika jinsi Mkikuyu alivyouona ujio wa Mzungu. Alikaa kwa muda Nyeri akiwahoji wazee, na huko London alihudhuria masomo ya mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski. Mmoja wa wanafunzi wa Malinowski alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alichapisha Facing Mount Kenya.

Riwaya ya Bi Huxley, Red Strangers, ilitoka mwaka 1939. Inafuata vizazi vya familia moja ya Kikuyu tangu kabla ya ukoloni. Macmillan, waliochapisha kitabu cha Delamere, walitaka aondoe maelezo ya tohara ya wasichana. Alikataa, akahamisha mswada wake kwa Chatto & Windus. Miaka 60 baadaye, mwaka 1999, riwaya hiyo ilichapishwa upya na Penguin ikiwa na dibaji ya mwanasayansi Richard Dawkins.

Hapo ndipo utata wake unapojitokeza. Mwandishi yule yule aliyeitangaza Kenya kuwa nchi ya Mzungu aliandika riwaya inayomwonyesha Mzungu kama mgeni wa ajabu asiyeeleweka. Lakini hata humo, sauti ya Mkikuyu ilipitia kinywa cha binti wa mlowezi. Kenyatta aliandika juu ya watu wake kama mmoja wao, na kitabu chake kilimalizikia katika madai ya kisiasa. Tofauti hiyo wasomaji wa Kiafrika hawakuipuuza.

Malumbano na Margery Perham

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Bi Huxley alifanya kazi katika shirika la utangazaji la BBC. Katika miaka ya 1942 na 1943 aliandikiana barua na Margery Perham, msomi wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyebobea katika masuala ya utawala wa makoloni. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1944 kwa jina la Race and Politics in Kenya, zikiwa na utangulizi wa Lord Lugard.

Bi Huxley aliwatetea walowezi. Alishikilia kwamba wao ndio waliozalisha mali ya koloni, kwamba walikuwa wamefika kukaa, na kwamba watawala wa mbali hawakuijua nchi. Bi Perham alijibu kwamba kuwakabidhi wachache hao madaraka kungekuwa kuwadhulumu mamilioni, na kwamba ilikuwa lazima Waafrika wafunguliwe njia ya kushiriki katika siasa.

Yalikuwa malumbano ya heshima na yenye hoja nzito, na hadi leo yanasomwa na wanahistoria. Lakini hebu msomaji ayatazame majina. Mwingereza aliandika, Mwingereza akajibu, Mwingereza wa tatu akatoa utangulizi. Kitabu kizima kilijadili hatima ya Waafrika wa Kenya bila barua moja ya Mwafrika. Mwaka huo huo wa 1944, mwezi wa Oktoba, Eliud Mathu aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria.

Ripoti iliyozaa vitabu vya Kiswahili

Mwaka 1945 magavana wa Afrika Mashariki walimwagiza Bi Huxley achunguze namna ya kuwapatia Waafrika vitabu vya kusoma. Alizunguka katika eneo hili na kupendekeza kianzishwe chombo cha kuandaa, kuchapisha na kusambaza maandishi hayo. Baada ya uchunguzi mwingine wa Charles Richards, aliyekuwa akiendesha kazi ya vitabu ya kanisa la Kianglikana Nairobi, East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948, Richards akiwa mkurugenzi wake.

Wakoloni walikuwa na sababu zao. Askari wa Kiafrika walikuwa wakirejea kutoka vitani Burma, wengi wao wakijua kusoma. Magazeti ya Waafrika yalikuwa yakichipuka. Henry Muoria, aliyekuwa gadi wa gari moshi, alianzisha Mumenyereri mwaka 1945, na kupitia kalamu yake Wakikuyu wengi walipata habari za Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946. Gazeti hilo lilipigwa marufuku mwaka 1952. Serikali ilitaka msomaji mpya apate maandishi iliyoyaridhia.

Lakini mbegu hukua ipendavyo ikishatoka mkononi. Shirika hilo lilichapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo hili, likawapa waandishi wa Kiafrika mahali pa kupeleka miswada yao. Miongoni mwa vitabu lilivyotoa ni masimulizi ya maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yaliyochapishwa upya mwaka 1966. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo nchini Kenya ilirithiwa na Kenya Literature Bureau, ambayo vitabu vyake viko mikobani mwa wanafunzi wetu.

Hivyo basi, mwanamke aliyewasemea walowezi ndiye pia aliyependekeza chombo ambacho wasemaji wengine walikitumia. Huenda hilo ndilo jambo lake lililodumu kuliko yote, ingawa ndilo lisilotajwa sana.

Mau Mau na moto wa Nakuru

Mwishoni mwa miaka ya 1940, skwota katika mashamba ya Wazungu alikuwa amebanwa kila upande. Alipunguziwa mifugo na kuongezewa siku za kazi. Olenguruone, katika Wilaya ya Nakuru, familia za Wakikuyu zilizokataa masharti ya serikali zilifukuzwa, na kiapo cha umoja kilichoenea huko kilikuja kuwa mojawapo ya chemchemi za Mau Mau.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu walihamishwa kutoka Bonde la Ufa na kurudishwa kwa nguvu Mkoa wa Kati, wakafikia mahali pasipo na ardhi ya kuwatosha.

Bi Huxley aliandika makala na kutoa maoni juu ya vita hivyo, na mwaka 1954 alichapisha riwaya, A Thing to Love. Mau Mau imechorwa humo kwa macho ya walowezi na ya Wakikuyu Wakristo waliowapinga wapiganaji. Kiini cha ugomvi, ambacho ni ardhi, hakikupewa uzito sawa na hofu iliyotanda katika nyumba za mashamba.

Mwaka 1957 alirudia kazi aliyoijua tangu ujana wake. Aliandika No Easy Way, historia ya chama cha wakulima cha Kenya Farmers' Association, kilichokuwa na makao yake makuu Nakuru, pamoja na ya kampuni ya Unga. Jina hilo, lenye maana kwamba hapakuwa na njia rahisi, lilibeba ujumbe ule ule wa 1935: walowezi walitoa jasho, na jasho ni hati ya kumiliki.

Ni hoja yenye nguvu. Ila wale waliolima mashamba hayo kwa mikono wangeweza kuitoa pia, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Upepo wabadilika

Mwaka 1959 Bi Huxley aliteuliwa katika tume ya Monckton, iliyochunguza mustakabali wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Ripoti ya tume hiyo ya mwaka 1960 ilikiri kwamba shirikisho halingeweza kuendelea lilivyokuwa bila ridhaa ya Waafrika. Kwa mwandishi wa Nchi ya Mzungu, kutia saini hapo kulikuwa ni kukubali kwamba zama zimegeuka. Mnamo 1962 alitunukiwa nishani ya CBE.

Mwaka huo ulizinduliwa Mpango wa Ekari Milioni Moja wa kuwagawia Waafrika ardhi iliyonunuliwa kutoka kwa walowezi. Agosti 12, 1963, Kenyatta, wakati huo waziri mkuu, alikutana mjini Nakuru na mamia ya walowezi waliojaa hofu. Aliwaomba wabaki walime, akahimiza kusameheana. Mkutano huo ulituliza mioyo kuliko vitabu vyote vya utetezi. Wengi walibaki kwa muda, wengine wakauza. Nellie Grant aliondoka Njoro mwaka 1965 akahamia Ureno, na akafariki mwaka 1977.

Jijini Nairobi, barabara iliyoitwa Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Sanamu ya bwana huyo iling'olewa na kupelekwa Soysambu.

Kuuza kumbukumbu

Siasa zilipomshinda, kumbukumbu ziliuzika. The Flame Trees of Thika, kitabu cha utoto wake kilichotoka mwaka 1959, kilipendwa kuliko vyote alivyoandika. Mwaka 1962 alikifuatiliza na The Mottled Lizard. Mwaka 1981 televisheni ya Thames ya Uingereza ilitoa tamthilia ya vipindi saba iliyotokana na Flame Trees, mwigizaji Hayley Mills akiwa mhusika mkuu.

Kwa watazamaji wa ng'ambo, Kenya ikawa nchi ya machweo mekundu, farasi na mabibi wenye kofia pana. Ni picha ambayo baadhi ya hoteli na kampuni za utalii zingali zikiitumia. Lile somo la Empire Marketing Board lilikuwa limezaa matunda: uza harufu ya mahali, na mnunuzi hataulizia hati ya shamba.

Wakosoaji hawakunyamaza. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliwahi kuuweka uandishi wa Bi Huxley katika fungu moja na wa Karen Blixen na Robert Ruark, akiushutumu kwa kumdunisha Mwafrika katika nchi yake mwenyewe. Watetezi wake hujibu kwamba alijua kusikiliza, kwamba aliirekodi Kenya ya zamani kwa makini, na kwamba misimamo yake ilibadilika kadiri miaka ilivyosonga. Pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha katika vitabu vyake vipatavyo 40.

Bi Huxley alifariki Januari 10, 1997, mjini Tetbury, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89.

Hadithi isiyokwisha

Jina alilolipamba lilirudi kwenye kurasa za mbele bila yeye. Mwaka 2005, Tom Cholmondeley, kitukuu wa Delamere, alimpiga risasi na kumuua afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) katika shamba la Soysambu. Mashtaka yaliondolewa na Mwanasheria Mkuu, na maandamano yakazuka. Mwaka 2006 mkazi mwingine wa eneo hilo aliuawa kwa risasi. Mnamo 2009 Mahakama Kuu ilimpata Cholmondeley na hatia ya kuua bila kukusudia katika tukio hilo la pili, akafungwa miezi minane. Alifariki mwaka 2016.

Vyombo vingi vya habari vya ng'ambo viliripoti kesi hiyo kwa kurejelea anasa za walowezi wa zamani. Wakazi wa Naivasha na Gilgil waliitazama kwa jicho la ardhi, kama babu zao walivyoitazama. Ziwa Elmenteita, lililoko ndani ya eneo hilo, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011 pamoja na maziwa Nakuru na Bogoria. Sasa ni mali ya walimwengu kwa jina, ilhali mjadala wa nani mwenye haki ya malisho yanayolizunguka haujafungwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Taaluma ya upiga debe inaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo: hata chema huhitaji mtu wa kukisemea, la sivyo husahaulika. Delamere alikuwa na mazuri yake, na alipata msemaji hodari wa kuyahifadhi. Skwota wa Njoro, mchungaji wa Kimaasai aliyejua ni malisho yapi huua ng'ombe, na mama aliyepalilia ngano ya kwanza, nao walikuwa na yao.

Baadhi ya masimulizi hayo yangali hai vinywani mwa wazee wa Elburgon, Molo, Subukia na Narok. Kila mwaka wanapungua. Mwandishi wa Delamere alifunga safari kutoka London kwenda kuokota maneno ya walowezi kabla hayajapotea. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro kwenyewe, na kwa wanafunzi wake wa historia safari ya kwenda kwa wazee hao haihitaji meli wala ndege, bali nauli ya matatu tu.